Viti Walikuwa Navyo, Watu Je?

Sisi wa mkoa wa Mara tuna bahati moja ambayo hatuisemi mara nyingi. Utawala wa machifu ulipoondolewa, hakuna aliyelala porini kwa kuogopa jirani yake. Tanganyika ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na mwaka uliofuata sheria ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Aliyekuwa madarakani ni Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Butiama. Ndugu yake, Edward Wanzagi, ndiye aliyerithi uchifu wa Wazanaki baada ya baba yao. Kwa hiyo sheria ile ilianza kuuma nyumbani kwake mwenyewe. Watu wa Murangi, Bunda na Musoma waliendelea na mashamba yao na nyavu zao.

Tusijisifu sana, hata hivyo. Uchifu wa huku kwetu ulisimikwa na Wajerumani, Waingereza wakaulea. Haukuwa na mizizi ya kuwafanya watu wamwage damu kwa ajili yake. Tena wenye nasaba hawakufukuzwa kwenye meza. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge. Mtu aliyeachiwa pa kukaa hana haraka ya kupindua meza.

Kisa ninachotaka tukitazame kilitokea ng'ambo ya bahari, katika miaka hiyohiyo. Nakisimulia kwa hofu kidogo, kwa sababu waliokosea hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wasomi, wacha Mungu, wenye sheria mkononi. Ningekuwa mmoja wao, sidhani kama ningeona mbali kuliko wao.

Januari 1961 Zanzibar ilipiga kura kujaza viti 22 vya baraza la kutunga sheria. Chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, chama cha Hizbu, yaani ZNP, kikapata 9, na chama cha ZPPP kikapata 3. Chake Chake, Pemba, Afro-Shirazi ilishinda kwa kura moja tu. Hebu fikiria jimbo zima, foleni tangu alfajiri, kisha mshindi anatangazwa kwa kura ambayo huenda ni ya bibi aliyebebwa na wajukuu zake kwenda kituoni. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja Afro-Shirazi, hesabu ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika.

Wakarudia Juni mwaka huohuo, kiti kimoja kikiwa kimeongezwa. Afro-Shirazi 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii ZPPP yote ikaungana na Hizbu wakaunda serikali chini ya Mohamed Shamte. Lakini siku ya kura ghasia zilizuka Unguja, na watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu wa mashamba. Watu 68 katika kisiwa ambacho kila mtu ana shemeji yake mtaa wa pili! Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya maafa yaliyokuja, na kwa maoni yangu ilitosha. Serikali ilitangaza hali ya hatari, kesi zikasikilizwa, amani ikarudi barabarani. Ikarudi moyoni? Mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka 1962 ulivunjika bila makubaliano, na kila upande ukarudi nyumbani na hoja zake zilezile.

Dalili ya pili ilikuja Julai 1963, tena imeandikwa kwa tarakimu. Viti sasa vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata karibu asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Hizbu na ZPPP kwa pamoja walipata kura pungufu na viti 18. Hakukuwa na mazingaombwe hapo: Afro-Shirazi ilirundika kura nyingi mno katika majimbo yake, na wenzao wakashinda kwa kura chache chache katika majimbo mengi. Kanuni zilifuatwa. Shamte akabaki Waziri Mkuu.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiende mbio. Mwenye viti 18 alikuwa na haki ya kutawala, na hakuna hakimu ambaye angemkatalia. Lakini zaidi ya nusu ya waliopiga kura walikuwa wamesema jina jingine, na walikuwa wanajua hivyo. Mtu aliyeshindwa kwa wingi wa kura hukubali baada ya siku mbili tatu. Mtu aliyeshinda kwa kura akashindwa kwa viti hakubali, hata umwonyeshe kitabu cha sheria. Wakati huo ulikuwa wa kuwaita walioshindwa na kuwaambia, njooni, tugawane wizara. Serikali ya mseto na Afro-Shirazi haikuundwa. Bendera ya uhuru ikapandishwa tarehe 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi. Alikuwa na miezi mitano tu kwenye kiti, na madaraka yake kikatiba yalikuwa madogo. Ila kwa mkulima asiye na shamba, yeye ndiye aliyekuwa sura ya serikali yote.

Baada ya hapo dalili zilikuja mfululizo. Askari polisi waliotoka bara walianza kuachishwa kazi kwa kutiliwa shaka. Nchi haikuwa na jeshi. Polisi ndio waliokuwa ngao pekee. Serikali ikawaacha mtaani watu waliozijua kambi, zamu na ghala za silaha, hawana mshahara na wana kinyongo. Mwanzoni mwa Januari 1964 ikakipiga marufuku Umma Party, chama cha Abdulrahman Babu, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka Hizbu. Babu akavuka kwenda Dar es Salaam. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na aliyeichukua aliamini anaimarisha usalama.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, watu wenye mapanga, marungu na mawe walivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni wakachukua bunduki. Miongoni mwa viongozi wao alikuwamo John Okello, mzaliwa wa Uganda. Siku hiyohiyo serikali ilianguka. Sultani alipanda meli yake, Seyyid Khalifa, akaenda Mombasa akakataliwa kushuka, akarudi hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo akasafirishwa kwa ndege kwenda Uingereza. Uhuru wa Desemba ulidumu siku 33. Gharama haikulipwa na mawaziri peke yao. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wakiwa raia ambao hawakuwahi kukaa kwenye baraza lolote, na idadi yao inabishaniwa mpaka leo.

Haya si ya Zanzibar peke yake. Wachina waliishi chini ya wafalme kwa zaidi ya miaka 2,000, na nasaba yao ya mwisho, Qing, iliondoka kwa mtindo unaofanana kwa kutisha. Watu waliomba bunge kwa barua na maandamano. Mei 1911 wakapewa baraza la mawaziri 13, walio wengi wakiwa Wamanchu, na kati ya hao walikuwamo jamaa za mfalme. Mwezi huohuo serikali ikazichukua reli ambazo wenyeji wa Sichuan walikuwa wamezichangia fedha. Sichuan ilipowaka, askari walihamishwa kutoka Hubei kwenda kuizima, na waliobaki Wuchang ndio walioasi tarehe 10 Oktoba. Februari 1912 mtoto Puyi, aliyekuwa na miaka sita tu, alivuliwa ufalme kwa tangazo lililotolewa kwa jina lake.

Ndugu zangu wa Murangi, hatuna sultani wala mfalme, lakini vikao tunavyo. Kamati ya shule, ushirika wa wavuvi, kamati ya maji. Mikono inanyooshwa, upande mmoja unapita kwa mikono miwili, na kuanzia wiki ile upande wa pili hauitwi tena hata kuhesabu mifuko ya saruji. Ukiuliza unaambiwa, "Si tulipiga kura?" Tukisikia jibu hilo kinywani mwetu, tuwafuate wale walioshindwa kabla ya kikao kijacho. Twende kwao, tusingoje waje.

Na walioingia kwa mapinduzi, China na Zanzibar, nao hawakupona haraka ugonjwa huu wa kuwaacha wengine nje. Yuan Shikai, rais wa jamhuri mpya ya China, alijaribu kujivika taji kabla hajafa mwaka 1916. Zanzibar iliongozwa na Baraza la Mapinduzi, na Baraza la Wawakilishi, yaani bunge lake, halikuwapo mpaka mwaka 1980. Vyama vingi viliporudi, kila uchaguzi ulileta machozi yake, hadi tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari walipoulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka chama kilichoshinda na kilichofuata viingie pamoja serikalini. Asilimia 66 walisema ndiyo. Ilikuwa imepita miaka 47 tangu viti 18 kwa 13.