Haya, Amana na Dawa ya Majaribio



Ndugu zangu, Sayyidna Ali (r.a.) aliona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu madhii, kwa kuwa binti wa Mtume alikuwa mkewe. Akamwagiza Miqdad amuulizie. Likizo iliyopita nilikuwa Miqdad wa baba mdogo. Maambukizi ya tezi dume yalimsumbua miezi kadhaa, akashindwa kumwambia daktari. Nikamsemea.

Mkojo ulipooteshwa maabara, bakteria walionekana sugu kwa siprofloksasini, dawa aliyozoea kununua dukani vidonge viwili vitatu, akiacha maumivu yakipoa. Dawa nyingi hazipenyi vizuri kwenye tezi dume, hivyo tiba huchukua wiki kadhaa. Zilizomfaa sasa zilikuwa za sindano, kila siku.

Nikasoma kwamba watafiti wamekuwa wakijaribu fosfomaisini ya kunywa kwa wagonjwa kama yeye. Si dawa ngeni: iligunduliwa Hispania mwaka 1969, na wanawake wenye maambukizi ya kibofu hupewa gramu 3 za unga wake, mara moja tu. Ikithibitika kuponya tezi dume, wengi watatibiwa nyumbani.

Nikajiuliza: baba mdogo akiombwa kushiriki jaribio, ana wajibu wa kukubali kwa ajili ya wagonjwa wajao?

Naona hana. Mwili wake ni amana aliyopewa yeye, na tiba inayojulikana ipo. Akikubali, ni sadaka. Lakini sadaka hutaka hiari, na hiari haipo iwapo amefichwa habari za sindano, au amekubali kwa kukosa nauli ya kuzifuata. Mwenye shida husema ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Hapa u-Miqdad wangu unakoma: naweza kumuulizia, siwezi kumridhia.

Wajibu uko kwingine. Katika hadithi ya jahazi, abiria wa chini walitaka kutoboa sehemu yao tu wapate maji. Anayemeza dawa ovyo hutoboa vivyo hivyo, maana bakteria sugu hawabaki kwake peke yake. Kushiriki jaribio ni hiari ya mgonjwa. Kutotoboa jahazi ni juu yetu sote.

Nilipomaliza kumlaumu baba mdogo moyoni, nilirudi bwenini. Kwenye droo yangu mna vidonge vinne, masalio ya dozi ya koo ya mwaka jana. Je, yako ina vingapi?

Wallahu a'lam.