Kishikwambi Kitoke Kabatini

Mwalimu mwenzangu, fungua kabati la ofisi ya walimu. Huenda humo, chini ya madaftari ya mahudhurio ya miaka iliyopita, kuna kishikwambi kimelala na chaji imekwisha tangu muhula uliopita. Vishikwambi vya aina hiyo vimetembea nchi nzima. Agosti 2022 makarani wa Sensa walipita navyo nyumba kwa nyumba, Tanzania ikahesabu watu zaidi ya milioni 61, kisha vikakabidhiwa kwetu walimu. Kazi ile kubwa viliiweza. Ya kumsaidia mtoto wa Darasa la Pili kusoma havitaishindwa, tukivishika.

Nasema tukivishika kwa sababu kifaa peke yake hakijawahi kufundisha. Mwaka 2013 mamlaka ya shule za umma za Los Angeles, Marekani, ilianza kugawa iPad ikikusudia kila mwanafunzi awe na yake. Mpango wote ulikadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 1. Baada ya wiki chache tu wanafunzi wakafungua vizuizi vilivyowekwa na kuingia kwenye mitandao waliyokatazwa, huku walimu wengi wakiwa hawajaandaliwa vya kutosha. Mwaka 2014 mkataba ukasimamishwa. Wenzetu wale hawakukosa fedha wala umeme. Walichokosa, miongoni mwa mengine, ni subira ya kumwandaa mwalimu kwanza.

Basi, Maafisa Elimu wa halmashauri zetu, nawasihi: mpango wa TEHAMA msiuanzie kwenye zabuni. Uanzieni darasani. Waulizeni walimu, kata kwa kata, watoto wanakwama wapi. Kama ni kusoma, mwaka huu wote uwe wa kusoma. Kama ni sayansi katika shule zisizo na maabara, anzieni hapo. Ndipo mhesabu vifaa vilivyopo, shule zenye umeme, zinazotegemea sola, na zile ambazo mwalimu hupanda kilimani kutafuta mtandao. Mpango uliojengwa juu ya hali halisi hausimami mtandao ukikatika.

Na mafunzo je? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tumeketi sana kwenye semina za siku tatu mjini, tukarudi na vyeti, na Jumatatu asubuhi, mbele ya watoto themanini, tukashika chaki ileile na kufundisha vilevile. Nyoka wetu yuko darasani, na fimbo ikatwe hapohapo. Njia imeshafunguliwa: MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeweka Jumuiya za Ujifunzaji shuleni kwetu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo ya walimu na vitabu vya kiada mtandaoni. Tunachodaiwa ni saa moja kila wiki, isiyoliwa na kikao kingine. Saa hiyo mmoja aonyeshe alichojaribu, wenzake waulize, wajaribu nao, na wiki inayofuata walete majibu.

Najua wapo wanaoogopa. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini hapendi kuonekana anababaika mbele ya kijana aliyeajiriwa juzi. Mwalimu wangu, shikamoo. Kijana yule anajua kubonyeza, lakini wewe ndiye unayejua kwa nini mtoto anachanganya “r” na “l”, na swali gani litamfungua. Ketini pamoja. Akufundishe kifaa, umfundishe ualimu. Mkiondoka hapo mmekuwa walimu wawili kamili.

Mwalimu Mkuu, wewe uwe wa kwanza kujifunza. Shule humtazama kiongozi wake. Ukikifungia kishikwambi kwa kuogopa kisivunjike, walimu nao watakiogopa. Ukikitumia mbele yao, ukakosea, ukauliza, umewapa wote ruhusa ya kujifunza. Nayo halmashauri isitenge fedha za kununua tu: itenge za kutengeneza, za bando, za betri ya sola, na nauli ya mtu atakayezifikia shule za mbali si kukagua bali kusaidia.

Tusingoje vifaa vijae. Chukua hicho kimoja, kichaji leo. Jumatatu mwite mtoto mmoja wa Darasa la Pili asome aya moja, mrekodi sauti yake, kisha msikilizishe. Hapo huhitaji intaneti wala projekta. Atajisikia alipokwama, atacheka kidogo, ataomba arudie. Wiki ijayo mrekodi tena, umpe asikilize zote mbili. Ijumaa lipeleke jambo hilo kwenye jumuiya yenu. Likifaa kwenu, Afisa Elimu Kata alibebe hadi shule ya jirani, nayo ya jirani ilipokeze mbele. Hivyo ndivyo wilaya nzima inavyobadilika, mwalimu akimwonyesha mwalimu.

Siku mtoto yule atakaposikia sauti yake mwenyewe ikipita bila kukwama pale ilipokuwa inakwama, mtazame usoni. Huo ndio mpango wenyewe. Amka, mwalimu, ufunguo wa kabati uko mfukoni mwako.