Ni Nani Aliyelegeza Parafujo?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: je, yafaa kumsingizia jini jambo ili kuzuia fitina baina ya watu?

Suali hili limetukumbusha marubani wa Kiingereza wa Vita Vikuu vya Pili. Mtambo ulipozimika angani, au kipimo kilipodanganya, walisema ni kazi ya gremlini, vijishetani vitafunavyo nyaya na kulegeza parafujo. Roald Dahl, aliyefanya kazi Dar es Salaam kabla ya vita na kujiunga na jeshi la anga Nairobi mwaka 1939, alivitungia kitabu mwaka 1943. Mzaha huo ulikuwa na faida yake: rubani hakumtukana fundi, na kesho yake wote wawili walihitajiana. Lakini fundi alirudi kwenye mtambo na spana mkononi. Gremlini hakufukiziwa ubani.

Na ndege mbili aina ya Comet zilipoanguka katika Bahari ya Rum mwaka 1954, zikapotea roho 56, wataalamu wa Farnborough walitia kiwiliwili cha ndege nyingine ya aina hiyo katika tangi la maji, wakakishinikiza na kukilegeza mara nyingi mpaka kikapasuka. Ikajulikana kuwa bati lilichoka kwenye pembe za matundu yake. Ndege zilizofuata ziliundwa vingine.

Sisi je? Jahazi lisilotiwa kalafati, tena limepakiwa kupita kiasi, likizama, twasema bahari ina wenyewe, na mbuzi huchinjwa. Hatukanushi kuwako kwa majini. Kurani ina sura nzima yenye jina lao. Tusemalo ni kuwa kuwako kwao si ushahidi juu yao. Kadhi hamhukumu mtu kwa kuwa yumo mjini tu.

Mwenye kuua kwa kukosea, sharia imewajibisha kafara, na diya kwa warithi wa aliyekufa. Jini halipi diya. Basi yule mzee mwenye huruma, asemaye matangani kuwa ni shetani wa bahari ili nahodha mzembe asichukiwe, amemsitiri nahodha kwa mali ya yatima. Ndiyo sababu twajibu kuwa haifai. Diya yaweza kusamehewa, na kusamehe ni bora. Lakini wasameheao ni mjane na wanawe, si mzee wa mtaa, nao hawajaambiwa kuwa kalafati haikutiwa.