Wengi Wape, Lakini Wajulikane

Wahenga walinena: wengi wape. Methali hiyo hukata mashauri mengi ya barazani, lakini je, yatosha kuamua juu ya mfuko wa mtu ambaye hakuwapo barazani?

Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 138, yakataza kodi yoyote isiyowekwa kwa sheria ya Bunge. Hiyo ni kinga njema. Hata hivyo, akidi ya Bunge ni nusu ya wabunge wote, na jambo la kawaida huamuliwa kwa wingi wa kura za waliohudhuria. Kwa hesabu hiyo, zaidi kidogo ya robo ya wabunge waweza kuitoza nchi nzima, hali kuibadili Katiba kwahitaji theluthi mbili ya wote.

Sheria ya Fedha ya 2021 ilileta tozo ya miamala ya simu, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala. Muuza nyanya wa Kingolwira aliyemtumia fedha mama yake huko Matombo, katika milima ya Uluguru, alikatwa sehemu ya msaada kabla haujapanda mlima. Manung'uniko yalipozidi, tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka ule ule. Kilio kilitenda ambalo kura haikutenda.

Wako wasemao kwamba kodi nayo ingojee theluthi mbili, kama ilivyo California tangu 1978. Rai hiyo ina heshima yake, kwa kuwa mali ya mtu ni jasho lake. Lakini theluthi moja ya wabunge ingepata nguvu ya kuzuia hospitali inayotakiwa na wengi. Tena, katika Bunge la 2021 chama kimoja kilishika zaidi ya asilimia 80 ya viti. Theluthi mbili isingaliizuia tozo ile.

Basi upungufu si wa idadi, ni wa jina. Kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa mbunge mmoja mmoja. Muswada wa Fedha, ambao ndio utozao, kwa kawaida huamuliwa kwa sauti za ndiyo na siyo. Sauti hupotea hewani. Jina hurudi jimboni. Laini ya simu iliyotozwa imesajiliwa kwa jina na alama za vidole vya mwenyewe. Mtozwa anajulikana; ni haki mtozaji naye ajulikane. Aliyeiona kodi kuwa ya haki hatachelea kuitetea Kingolwira, na aliyechelea alikuwa na sababu ya kusema siyo.