Kati ya Upofu na Kuona

Katika makanisa mengi ya Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, ibada ya Jumapili ina nafasi ya ushuhuda. Aliyenusurika barabarani akitoka Mongbwalu husimama. Aliyepata mtoto baada ya miaka ya kungoja husimama. Na mzee aliyepasuliwa mtoto wa jicho juma lile lile naye hutazamiwa asimame, huku maneno yake yakijulikana kabla hajashika kipaza sauti: alikuwa haoni, sasa anaona, Bwana asifiwe. Vigelegele vinapigwa, kwaya inaanzisha wimbo, naye anarudishwa kwenye kiti chake ameshikwa mkono.

Anashikwa mkono kwa sababu bado haoni vizuri. Jicho ni jekundu na linatoa machozi. Jua la saa sita linamchoma, vumbi la kiangazi linamlazimisha kutembea uso umefunikwa. Akifungua Biblia, herufi zimegandamana. Shati jeupe analolijua miaka yote limeingia ubuluu. Hayo yote ni ya kweli, na hakuna hata moja alilolitaja mbele ya watu. Hapo ndipo swali lenyewe linapoanza, nalo ni la imani kabla ya kuwa la hospitali: je, mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa uponyaji ambao haujafika mwisho, akausimulia jinsi ulivyo, bila kuhesabiwa mwenye imani haba?

Kwa munganga aliyempasua, hali hiyo si ajabu. Katika ugonjwa huu lenzi iliyo nyuma ya mboni hupata ukungu. Mpasuaji huitoa kupitia tundu dogo na kuweka lenzi ya bandia, kazi ambayo kwa kawaida haifiki hata nusu saa, mgonjwa akiwa macho, ganzi imepigwa jichoni tu. Mara nyingi bandeji hufunguliwa kesho yake. Lakini baada ya bandeji yapo majuma ya kutia matone kila siku, na katika majuma hayo jicho lina mwendo wake. Kioo cha mbele cha jicho kinaweza kuvimba, mtu akaona kama kuna moshi. Kishipa kikipasuka, damu hutanda kwenye weupe wa jicho, na huchukua majuma mawili au matatu kuondoka. Lenzi inayowekwa kwa wagonjwa wengi pia huonyesha vizuri umbali mmoja tu, na kwa kawaida huchaguliwa umbali wa mbali. Ndiyo maana katekista aliyepasuliwa anaweza kuhesabu miti iliyo kilimani lakini akashindwa kusoma mstari mmoja wa Zaburi mpaka apate miwani ya kusomea.

Na rangi nazo hubadilika. Lenzi iliyozeeka huwa ya manjano, hata ya kahawia, na kwa miaka huwa imeizuia buluu isiingie. Siku inapoondolewa, buluu humiminika. Aliyepasuliwa jicho moja hubaki na dunia mbili: akifumba hili kitambaa ni cheupe, akifumba lile kitambaa kile kile kina rangi ya chai.

Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa, ambaye maisha yake yote yalikuwa rangi, alipasuliwa jicho la kulia na daktari Charles Coutela mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Wakati huo lenzi za kupandikiza hazikuwepo. Daktari Mwingereza Harold Ridley aliiweka ya kwanza mwaka 1949 huko London, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vilivyowaingia marubani wa vita machoni havikuleta uvimbe. Monet alipewa miwani mizito, akaona vitu vimepindika na rangi zimeharibika, akamwandikia daktari wake barua za hasira, hata akajuta kupasuliwa. Baadaye alijaribu miwani yenye lenzi za rangi, akarudi kwenye turubai zake, na akaendelea kuchora mpaka karibu na kifo chake mwaka 1926. Mtu anayezisoma barua zile leo hamwoni mtu asiye na shukrani. Anamwona mtu anayesema ukweli kuhusu jicho lake.

Kusema ukweli wa namna hiyo si rahisi Ituri, mahali ambapo hospitali na kanisa vimekua pamoja. Kituo cha Kitabibu cha Kiinjili kilianzishwa Nyankunde katika miaka ya 1960 na umoja wa makanisa na misheni, na mwanzo wake hautenganishwi na jina la Carl Becker, daktari mmisionari aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Oicha. Shambulio la Septemba 2002 huko Nyankunde liliua mamia ya watu, wakiwemo wagonjwa vitandani, na waliookoka walikimbia kwa miguu. Baadaye huduma zikaendelea Bunia na Oicha. Watu waliopitia hayo hawahitaji kufundishwa kwamba dawa na sala vinaweza kukaa chumba kimoja. Lakini ukaribu huo una uzito wake pia. Pale ambapo mkasi umeombewa, kusema kwamba matokeo bado hayajanyooka kunaweza kusikika kama kumlalamikia Mungu mwenyewe.

Lakini Injili ya Marko, sura ya 8, ina kisa ambacho Mathayo na Luka hawakukiandika. Kipofu wa Bethsaida analetwa kwa Yesu. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anaweka mikono juu yake, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Mtu yule anajibu kwamba anaona watu, ila wanafanana na miti, tena inatembea. Yesu anaweka mikono mara ya pili, na sasa kila kitu kinaonekana waziwazi.

Kwa karne nyingi wafafanuzi wamejiuliza kwa nini mara mbili. Wengi husema kisa hiki ni mfano wa wanafunzi, ambao katika sura hiyo hiyo wanaelewa nusu tu: Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, na muda si mrefu anakemewa. Ni ufafanuzi mzuri. Lakini unamwacha mgonjwa haraka mno, ukamgeuza somo la watu wengine. Ukibaki naye kidogo utaona jambo lililo wazi kabisa: mponyaji aliuliza, na aliyeponywa akajibu alichokiona. Hakusema anaona vizuri ili kumfurahisha aliyemgusa. Hakukemewa. Jibu lake la kweli ndilo lililotangulia mkono wa pili. Tena, kisa kikiisha, mtu yule anatumwa nyumbani kwake na kuambiwa asiingie kijijini. Haitwi asimame mbele ya umati. Kanisa linalompa mgonjwa kipaza sauti siku ya tano baada ya upasuaji lingefanya vyema kuusoma mstari huo wa mwisho pole pole.

Huenda pia mtu wa Bethsaida hakuzaliwa kipofu, maana alijua mti ukoje. Asiyewahi kuona ana kazi kubwa zaidi. Sidney Bradford, Mwingereza aliyepoteza kuona akiwa mtoto wa miezi kumi hivi, alipandikizwa kioo cha jicho akiwa na miaka 52, na mwanasaikolojia Richard Gregory akaandika kwa kirefu yaliyofuata. Uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa mpasuaji wake, nao ulikuwa ukungu tu. Alijua ni uso kwa sababu sauti ilitokea hapo. Aliweza kusoma herufi kubwa alizokuwa amezijua kwa vidole, lakini nyuso hazikumwambia kitu. Dunia aliyoitamani ilionekana kwake imechakaa, rangi zilizobanduka ukutani zilimsikitisha, na jioni mara nyingi alikaa gizani bila kuwasha taa. Alifariki mwaka 1960, chini ya miaka miwili baada ya upasuaji. Macho yalifunguka, na huzuni ikaingia kwa mlango huo huo. Mtu wa dini anayeamini kwamba muujiza humaliza mambo anapaswa kukaa na kisa cha Bradford bila kukikimbia.

Kisha kuna kioo cha kujitazamia. Mama aliyeacha kuona uso wake miaka saba iliyopita anajitazama na kukuta mtu mwingine: mikunjo, madoa, mvi. Mume aliyemkumbuka akiwa na nguvu amekuwa mzee. Madaktari wa macho huyasikia haya mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa waliopona vizuri kabisa. Si majivuno. Ni miaka yote iliyopita bila kuonekana, ikifika kwa siku moja.

Na kuna macho ya majirani, ambayo katika nchi hizi si jambo dogo. Huko Usukuma, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa miongo mingi wakishukiwa uchawi, na jicho jekundu lilitosha kuwa ushahidi, ingawa wekundu ule mara nyingi uliletwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Ituri nayo ina kumbukumbu yake: Juni 2001, katika eneo la Aru, mamia ya watu waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Halafu ikaja Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, ambapo macho mekundu yalikuwa mojawapo ya dalili zilizotazamwa. Bibi anayerudi mtaani akiwa na doa la damu jichoni anarudi katika nchi yenye historia hiyo. Afadhali aliyempasua aieleze familia mapema, waziwazi, kwamba damu ile ni ya kisu cha matibabu na itaondoka.

Ebola yenyewe iliacha mfano mwingine. Daktari Ian Crozier, aliyekuwa amefanya kazi Uganda, aliambukizwa nchini Sierra Leone mwaka 2014, akapona, na wakati damu yake ilikuwa imekwisha kuwa safi, virusi vikakutwa ndani ya jicho lake la kushoto. Jicho hilo lilibadilika rangi kutoka buluu hadi kijani, na kwa muda likapoteza uwezo wa kuona. Baadaye rangi na uwezo wa kuona vilirudi. Katikati ya hayo alijitazama kwenye kioo, akaona jicho lisilo lake.

Injili ya Yohana, sura ya 9, inaijua habari hii ya kurudi kati ya watu na macho mapya. Kipofu wa kuzaliwa anaporudi ameponywa, majirani wanabishana kama ndiye yeye au ni mtu anayefanana naye. Inambidi aseme mwenyewe kwamba ndiye. Kisha wakuu wanamhoji, wazazi wake wanaogopa kusema, na mwishoni anafukuzwa. Watu huupenda ushuhuda wa mtu huyu na huurudia makanisani, lakini husahau kwamba ulimgharimu nafasi yake katika jamii.

Waislamu wa Bunia wanalikuta swali la uponyaji usiofika mwisho wakiwa kwenye mkeka wa swala. Baada ya upasuaji wa jicho, madaktari wengi humwambia mgonjwa asiinamishe kichwa chini siku za mwanzo, asibebe mzigo, asisugue jicho. Mwanamke anauliza atawashaje makala na nani atabeba bidoni ya maji. Mwenye kuswali anauliza kuhusu sijida. Ibn Qudama, mwanachuoni aliyefariki Damasko mwaka 1223, analijadili jambo hili katika kitabu chake cha sheria, al-Mughni. Anasimulia kwamba Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alipopata ugonjwa wa macho, aliambiwa anaweza kutibiwa akikubali kuswali siku saba akiwa amelala chali. Akatuma watu kumuuliza Bi Aisha, Abu Hurayra na masahaba wengine. Wakamjibu: je, akifa katika siku hizo, swala yake itakuwaje? Akaacha matibabu. Imamu Malik alifuata upande huo. Lakini Imamu Abu Hanifa na wengine walimruhusu mgonjwa kuswali amelala wakati tabibu mwaminifu anaposema jicho litapona kwa njia hiyo, na Ibn Qudama anaupa nguvu upande wa ruhusa, akikumbusha kwamba Mtume mwenyewe aliswali ameketi alipoumia ubavuni.

Uchaguzi wa Ibn Abbas una utukufu wake, na hakuna haja ya kuushusha. Alikuwa na haki ya kutoa macho yake. Ila ni jambo tofauti kabisa mtu mwingine anapomtolea. Mchungaji anayemwambia mama mwenye jicho bichi aje mkesha, ainame, alie, afunge bila dawa, anatoa sadaka ambayo si yake.

Wapo pia ambao mkono wa pili hauji. Mchimba dhahabu aliyepigwa na kipande cha jiwe, ambaye jicho lake lilitolewa ili maumivu yaishe, akapewa jicho la bandia ikiwa linapatikana. Mkimbizi wa ndani wa kambi ya Kigonze, hapo Bunia, aliyefika kwa daktari wakati presha ya jicho imekwisha kuua mshipa wa kuonea, ambao hakuna upasuaji unaourudisha. Hawa hawana ushuhuda wa aina inayozoeleka, na mara nyingi huacha kuja ibadani kabla mtu hajawaambia wasije.

Mtume Paulo naye alisimama mbele ya watu akiwa bado mgonjwa: aliwaandikia Wagalatia kwamba ugonjwa wa mwili ndio uliomfanya awahubirie mara ya kwanza. Anawakumbusha kwamba hali yake ilikuwa jaribu kwao, lakini hawakumdharau, na kama ingewezekana wangeng'oa macho yao wampe. Mwishoni anawaonyesha jinsi herufi alizoandika kwa mkono wake mwenyewe zilivyo kubwa. Wasomi kadhaa wameona hapo dalili ya ugonjwa wa macho, wengine wanapinga. Lakini waraka wenyewe unasema wazi kwamba mwili wake ulikuwa wa kumfanya mtu ageuze uso. Wakati huo watu walikuwa na desturi ya kutema mate walipokutana na ugonjwa wa kutisha, ili kujikinga. Wagalatia hawakufanya hivyo, wala hawakungoja Paulo apone ndipo wampe nafasi ya kusema.