Thawabu ya Mshahara wa Ustadh

Mchango wa mabati ya madrasa ukipitishwa Kona ya Musa, Kwale, mifuko hufunguka. Ukiwa wa mshahara wa ustadh, watu huanza kukohoa. Bati huonekana kila siku; mshahara huliwa na mwezi ukaisha. Ipi basi ni sadaka jaria, ile inayomwandikia mtu thawabu hata akiwa kaburini?

Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira yataja mambo matatu yasiyokatika kwa mauti: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea mzazi. Wengi hulielewa la kwanza kuwa ni misikiti na visima, la pili wakawaachia masheikh. Shule ya kijijini huyakusanya yote matatu, ila haiwezi bila mtu wa kusimama mbele ya darasa.

Kuta pekee hazitoshi. Msikiti wa Kongo, Diani, una mamia ya miaka na bado unaswaliwa. Jumba la Mtwana, kule Mtwapa, nalo lina msikiti wa mawe ya matumbawe, lakini wanaouingia siku hizi ni watalii waliokata tikiti. Mawe yamedumu kotekote; tofauti ni watu.

Wakfu ulilijua hilo zamani: mali haiguswi, hutumika mazao yake. Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mwanzilishi wake, ulifuata njia inayofanana na hiyo ulipoenea Pwani, Zanzibar na Uganda. Kijiji kilitoa chumba na kamati. Mradi ukafunza walimu, wengi wao akina mama wa papo hapo. Baadaye shule zikasaidiwa kuweka fedha za akiba ili faida yake ichangie gharama, mishahara ikiwemo. Kazi ngumu, maana mvuvi wa Msambweni hana cha kuweka akiba bahari inapochafuka.

Harambee, tangu 1963, imependa zaidi mawe na saruji, kwa kuwa hapo ndipo jina la mfadhili hupakwa. Base Titanium, iliyochimba mchanga wa madini Kwale tangu 2013, ilijenga madarasa na pia kulipia wanafunzi karo. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Kampuni haina kaburi, na kuhusu nia yake wanazuoni wana la kusema. Lakini darasa lililojengwa halifungashi virago, karo hufungasha.

Kodi imefanya kimyakimya kile ambacho sadaka ilikionea haya. Kwa Katiba ya 2010 elimu ya awali ni jukumu la kaunti, na mwalimu wa chekechea ya umma huajiriwa nayo. Ustadh anayewapokea watoto wale wale jioni hayumo katika orodha ya mishahara ya kaunti. Malipo yake hutegemea wazazi wana nini mwisho wa mwezi.