JUMANNE: Shamba la Anathothi

Soma Yeremia 32:6–14 na Mithali 20:14. Yeremia alifanya mambo gani ili ununuzi wake usije ukatiliwa shaka?

Kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kuanzia Mapinga na Kerege hadi Kiromo, vibao vya viwanja vinavyouzwa ni vingi. Makubaliano ya kujenga bandari ya Mbegani yalipotiwa saini mwaka 2013, hamu ya ardhi iliongezeka.

Mara nyingi lawama humwangukia mwuzaji, yule anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Mithali 20:14 inamgeukia mnunuzi. Amekwisha kusikia habari za barabara mpya, lakini anamwambia mwenye shamba, "Mzee wangu, hapa ni mchanga mtupu, na maji ni ya chumvi. Nani atajenga?" Mzee ana mgonjwa hospitalini, anakubali bei. Jioni mnunuzi anawasimulia rafiki zake jinsi alivyookota dodo chini ya mwarobaini.

Hanameli naye alikuja kuuza wakati mbaya. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa, na Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni. Ardhi ya Anathothi ingeweza kudharauliwa kwa maneno machache tu. Maandiko hayasemi kwamba nabii aliidharau. Alimpimia shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikabaki wazi, kisha Baruku akaagizwa kuziweka katika chombo cha udongo.

Tena hawa walikuwa binamu! Makanisani wapo wanaoona aibu kuita majirani wa mipaka na kiongozi wa mtaa wanapouziana na mshiriki mwenzao. "Mzee wa kanisa, kwani huniamini?" Kwa Yeremia, undugu haukufuta mashahidi. (Dalali naye hupenda kuonyesha viwanja siku ya Sabato, kwa kuwa watu wa mjini hawako kazini. Linganisha Nehemia 13:15–21.)

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata hivyo, mke huweza kupata habari fedha zikiwa zimeshatumika.

Kwa majadiliano: Mshiriki amelipa, hati imesainiwa. Wiki iliyofuata anagundua kwamba mke wa mwuzaji hakushirikishwa, naye bado anaishi katika nyumba hiyo na watoto. Akinyamaza, huenda nyumba ikabaki yake. Amwendee nani kwanza, na amwambie nini?